Jinsi ya kusoma seli za kinga kwenye melanoma ya mbwa, ya ngozi na ya mdomoni

Majibu ya melanoma, yaani uvimbe wa seli za rangi nyeusi, yakirudi kutoka lab yameandikwa limfosaiti (seli nyeupe za kinga) nyingi zimeingia kwenye uvimbe, mwenye mbwa anafurahi, anakwambia si ndo kinga inapigana hiyo dokta, na kusema kweli hata sisi wengi tuna wazo hilo hilo, maana kwa binadamu melanoma iliyojaa limfosaiti mara nyingi inaenda vizuri kuliko isiyo nazo. Kwa mbwa usikimbilie huko. Nilishawahi kusoma slaidi ya mbwa mzee, uvimbe mweusi juu ya chonge, limfosaiti zimetapakaa kama mtama uliomwagika mkekani, nikampa mwenyewe matumaini makubwa, haikupita miezi minne tezi ya chini ya taya ikawa kama yai, kansa ilishasambaa. Sijasahau, na tangu hapo nafuata utaratibu huu.

Kwanza uliza uvimbe umetoka wapi. Uvimbe huu mweusi ukiwa kwenye ngozi yenye manyoya mara nyingi sio wa hatari, ukikatwa wote yanaisha. Ukiwa kwenye fizi, ndani ya mdomo au kwenye shina la kucha, uchukulie ni mbaya mpaka ithibitike vingine. Kwa wa mdomoni pima na ukubwa kabisa: chini ya sm 2, kati ya 2 na 4, au zaidi ya 4, hapo tu ushajua mambo mengi.

Pili, kinyama kitunzwe vizuri. Formalini ya asilimia 10, iwe mara kumi ya kinyama chenyewe, na usikisokomeze kwenye kichupa cha mdomo mwembamba kikatoka kimebondeka. Uache na ukingo wa uvimbe, yaani pale unapopakana na nyama nzima, kwa sababu limfosaiti zinapenda kukusanyika hapo, ukituma kipande cha katikati peke yake umeshapoteza nusu ya habari.

Sasa tabu yenyewe ni weusi. Melanini, yaani hiyo rangi nyeusi, inafunika kila kitu, unaangalia kwenye hadubini unaona masizi tu, kwa hiyo slaidi lazima ipaushwe kwanza, wengine wanatumia hidrojeni peroksaidi, wengine potasiamu pamanganeti halafu asidi ya oksaliki, na ukiitoa utaona viini vya seli vimejitokeza kimoja kimoja kama mtu kakufungulia dirisha. Na ukipaka rangi za kingamwili (zinazoonyesha aina za seli) usichague ya kahawia, itafanana na melanini utahesabu uongo, chukua nyekundu.

Kwenye kuhesabu angalia sehemu mbili na uziandike mbali mbali: seli zilizopenya katikati ya seli za kansa, na zile zilizokaa pembeni. Penye kidonda ruka. Mdomoni hasa kuwa makini, mbwa mwenye ukoga na meno yaliyooza ana seli za kinga kibao kwenye fizi zilizovimba kwa uchafu ambazo hazina habari na kansa yoyote.

Halafu uliza ni seli gani, hapa ndo watu wengi wanateleza. CD3 ni alama ya limfosaiti T, CD20 ni ya limfosaiti B, FoxP3 ni ya zile T zinazotuliza kinga. Kwenye melanoma ya mbwa CD20 zikiwa nyingi zimehusishwa na mbwa kufa mapema na kansa kusambaa, na FoxP3 nazo nyingi ni dalili mbaya. Hizi FoxP3 ni kama watu waliokuja kuamua ugomvi wakamshika mikono mwenye nyumba, mwizi anaendelea kubeba vitu. Kwa hiyo ripoti inayosema "limfosaiti nyingi" bila kutaja aina haijakwambia kitu cha kumpa mtu matumaini.

Na usichanganye na vimbe vingine. Histiositoma, kile kinundu chekundu cha mbwa mdogo, limfosaiti zikijaa ujue kinaondoka chenyewe. Hata ile kansa ya kuambukizana kwa kupandana, ambayo mbwa wetu wa mtaani wanaipata mpaka puani na mdomoni kwa kunusana na kulambana, ikianza kusinyaa utakuta limfosaiti zimeivamia. Seli ni zile zile, ila maana yake ni tofauti kabisa.

Ubashiri wako uusimamishe kwenye mitosisi, yaani seli zinazogawanyika. Hesabu kwenye eneo la mm² 2.37: mdomoni zikifika 4 ni mbaya, kwenye ngozi zikifika 3. Angalia na viini vyenye maumbo ya ajabu, mdomoni kuanzia asilimia 30, kwenye ngozi asilimia 20, na kama lab yako ina Ki67 (alama ya seli zinazogawanyika) iombe. Seli za kinga ziongeze juu ya hivyo, zisikae mahali pake.

Mwenye mbwa mwambie ukweli mapema, upasuaji ukate mbali na uvimbe, piga eksirei ya kifua, na tezi za limfu za taya zichome sindano utoe seli hata kama ukizishika unaona za kawaida, kwa melanoma ya mdomoni karibu asilimia 40 ya mbwa wenye tezi zisizovimba walikutwa kansa imeshaingia humo.