Mikro peke yake, mchezo peke yake: kurekodi kwa OBS

Mimi natangaza mechi za mpira za kompyuta kwa Kiswahili, niko Kadutu, Bukavu. Nyumba zimebanana, juu ni mabati, na mikro inanasa kila kitu: mvua, jenereta, watoto wa jirani. Mchezo wenyewe sauti yake ni safi, inatoka ndani ya kompyuta. Ukichanganya viwili hivyo tangu mwanzo, kelele za nje hutazitoa tena. Tenganisha wakati wa kurekodi.

Natumia OBS Studio, programu ya kurekodi picha na sauti za kompyuta. Wengi wetu yetu iko kwa Kifaransa, basi ingia Paramètres, Sortie, chagua Avancé, kisha Enregistrement. Tia alama traki (njia za sauti zinazohifadhiwa kila moja peke yake) 1, 2 na 3. Zipo 6 ila hizo zinatosha. Aina ya faili iwe MKV. Umeme ukikatika katikati ya mechi, kilichokwisha kurekodiwa kinabaki, lakini MP4 ya kawaida huenda isifunguke kabisa.

Fungua Propriétés audio avancées. Mchezo uweke traki 1 na 2, mikro 1 na 3. Traki ya 1 inabeba vyote kwa sababu vichezeshi vingi vya video hupiga hiyo tu. Na tafadhali vaa vipokea sauti: spika zikiwa wazi, mchezo unaingia kwenye mikro na kutenganisha kote kunakuwa bure. Hata ukipiga kelele ya goli, mikro isiguse 0 dB (dB ni kipimo cha ukubwa wa sauti, na 0 ndio kikomo).

Kuhariri natumia Kdenlive, programu ya bure. Zima traki ya 1, ile yenye mchanganyiko. Mvua ikianza kugonga mabati, tafuta pale ambapo hukusema kitu, shusha mikro hadi kimya, na ishuke na kupanda taratibu, maana mvua inayokatika ghafla inakera kuliko mvua yenyewe. Pale ulipoongea, iache; pandisha kidogo traki ya 2, mashabiki wa uwanjani wataifunika. Ila usifute kipande cha mikro ukavuta vinavyofuata: sauti itatangulia picha, na goli utalitangaza kabla mpira haujaingia.

Kabla ya kuipandisha mtandaoni, isikilize kwenye spika ya simu, maana watazamaji wetu wengi wanatumia hiyo. Neno likimezwa na mchezo, shusha traki ya 2 kwa dB 2 au 3, usikilize tena.