Kuwatafuta babu na bibi waliolima Nebraska: anza na shamba, jina litafuata

Mama mkwe alinikabidhi kopo la biskuti lenye picha moja na karatasi moja. Pichani, mume na mke wamesimama mbele ya nyumba ya udongo, mume amemshika ng'ombe kamba, naye mke amekunja mikono. Hao ni wazazi wa babu yake, waliotoka Sweden. Karatasi ni risiti ya kodi ya ardhi, Custer County, jimbo la Nebraska, Marekani. Nilitaka wanangu wajue watu hawa ni nani, nikaishika kazi hiyo.

Mwaka mzima nilihangaika na jina. Usifanye hivyo. Kwao Sweden mtoto wa kiume wa Anders aliitwa Andersson na dada yake Andersdotter, na makarani wa Marekani waliandika walivyosikia. Ardhi ndiyo haikuhama. Soma risiti kama hiyo polepole: yangu ilisema robo ya kaskazini-magharibi ya seksheni 14, kisha namba ya taunishipu na ya renji, yaani safu ya taunishipu, ambazo pamoja huonyesha mahali kwenye ramani. Taunishipu ni mraba wa maili 6 kwa 6, umekatwa seksheni 36, kila moja ekari 640. Robo yake basi ni ekari 160, kipimo kilekile kilichotolewa kwa sheria ya kuwagawia walowezi mashamba ambayo Rais Lincoln aliisaini Mei 20, 1862.

Peleka namba hizo kwenye tovuti ya idara ya serikali inayosimamia ardhi za umma, Bureau of Land Management. Ni bure, na inakubali kutafuta kwa eneo bila jina. Utapata hati ya umiliki. Wengi huipiga chapa, wakaitundika ukutani na kuishia hapo. Nakusihi usiishie hapo, maana hati ni ganda tu.

Kiini ni jalada la dai, yaani faili la mlowezi aliyeomba shamba, linalotunzwa na hifadhi ya nyaraka ya taifa, National Archives, kule Washington. Liagize ukitaja namba ya hati na ofisi ya ardhi iliyoitoa. Ili apewe shamba, mlowezi alipaswa kuishi hapo miaka 5 na kulilima, kisha aape mbele ya ofisa, na majirani 2 waape pia. Maswali yale yaliuliza mambo ya nyumbani kabisa. Nilijua kutoka jalada letu kwamba nyumba ilikuwa futi 16 kwa 24, madirisha mawili, ekari 45 zimelimwa, kisima kimoja, watoto watatu. Aliyezaliwa nje ya Marekani hukutwa na karatasi za uraia humohumo. Nililisoma jikoni usiku hadi chai ikapoa.

Waandike pembeni mashahidi wale. Tangazo la kuthibitisha dai lilitolewa gazetini likiwa na majina ya majirani 4, na magazeti mengi ya zamani ya Nebraska yanasomeka bure kwenye mkusanyo wa mtandaoni wa maktaba ya bunge la Marekani, Library of Congress. Wetu wawili walitoka parokia moja na mume yule huko Sweden. Kitabu cha kanisa chao ndicho kilichonifikisha ng'ambo.

Sasa mke. Hapa ongeza subira. Mwanamke mseja au mjane aliweza kudai shamba kwa jina lake, lakini aliyeolewa kwa kawaida hakuweza, hivyo jalada zima linaweza kumtaja kama "mke" tu. Mtafute kwenye sensa ya 1900: inaandika mwezi na mwaka wa kuzaliwa, miaka ya ndoa, watoto aliowazaa na walio hai. Kwake palikuwa na 8, kisha 5. Hakuna aliyekuwa amemwambia mama mkwe habari ya wale watatu. Sensa ya 1890 karibu yote iliangamia baada ya moto wa 1921, kwa hiyo ziba pengo kwa sensa ya jimbo la Nebraska ya 1885, ambayo ina pia orodha ya waliofariki mwaka uliotangulia. Halafu kamilisha kwa vitabu vya kanisa na makaburi. Wawili nimewapata. Wa tatu bado namtafuta.

Kwa picha, kumbuka kwamba mpiga picha Solomon Butcher alianza mwaka 1886 kuzipiga picha familia za Custer County mbele ya nyumba zao, na mkusanyo wake umehifadhiwa na jumba la historia la jimbo. Linganisha madirisha, mlango, na mwelekeo wa kilima.

Ukianza kuandika, ukurasa wa kwanza wataje Wapawnee, wenyeji wa asili wa huko. Nchi hiyo ilikuwa yao, na katika miaka ya 1870 walihamishiwa sehemu ambayo leo ni Oklahoma. Nimewaeleza wanangu hilo kabla ya kuwaonyesha hati.

Mwisho, nenda huko. Chukua ramani yenye seksheni, bisha hodi kwa mwenye shamba wa sasa, omba ruhusa. Nyumba ya udongo haikuacha ukuta, ila nyasi zilikuwa na rangi nyingine kwenye mstatili mmoja mteremkoni. Mama mkwe aliupima kwa hatua zake, polepole, upande mfupi kisha mrefu.