Mani planti ya kwenye chupa ihamishwe mapema

Mani planti nyingi zinaoteshwa vizuri tu, kisha zinaharibiwa kwa kucheleweshwa majini. Kipando, yaani kipande cha shina kilichokatwa ili kioteshwe, kinaachwa kwenye chupa miezi mitatu, minne, mizizi inajizungusha hadi inajaa, na mwenyewe anaona ndiyo nguvu yenyewe. Siku kikipandwa udongoni, majani yanaweza kuwa njano na shina kulainika.

Mizizi iliyoota majini ni laini, huvunjika upesi, na vinyweleo vyake vya kufyonzea maji ni vichache. Kadiri inavyorefuka ndivyo inavyozidi kuzoea maji. Ikiingia udongoni, sehemu yake huweza kuoza na kipando kikalazimika kuotesha mingine kwa akiba ya shina.

Kwa hiyo hamisha mizizi ikiwa na sentimita 3 hadi 5. Pima kwa rula, usikadirie kwa macho! Penye joto, kama Dar es Salaam au Mombasa, mara nyingi ni wiki ya tatu au ya nne. Penye baridi huchelewa, hivyo fuata urefu wa mizizi, si kalenda. Wakati huo wote badilisha maji kila baada ya siku 3 au 4. Kifundo, pale kwenye shina jani linapoota, kiwe ndani ya maji, jani libaki nje.

Changanya udongo wa juu, mboji iliyoiva na mchanga wa mto kwa vipimo sawa. Chungu kiwe na matundu na upana wa sentimita 10, 12 mwisho. Acheni kupanda kipando kimoja kwenye ndoo: udongo mwingi hushika maji ambayo mizizi michache haiwezi kuyamaliza.

Fukia kifundo sentimita 2 au 3, mwagilia mpaka maji yatoke chini, weka kivulini. Kwa siku 10 za kwanza udongo usikauke kabisa, ila chungu kisikae kwenye sahani yenye maji. Baada ya hapo subiri sentimita 2 za juu zikauke ndipo umwagilie. Mbolea ya dukani isubiri wiki 6.

Jani jipya likichomoza, kimeshika.

Wenye kipando chenye mizizi mirefu tayari wasikipande. Mmea huo uendelee kuishi majini, unaweza. Ukitaka wa chungu, kata ncha yenye vifundo viwili, sentimita 1 chini ya kifundo, uichomeke moja kwa moja udongoni.