Kupaka rangi chemchemi na sanamu za mjini Dar

Panga msimu kabla ya kununua rangi. Dar kazi hii naifanya kati ya Juni na Septemba, masika yameisha na vuli bado. Hata hapo, asubuhi ngoja umande ukauke, hasa maeneo ya karibu na bahari kama Kivukoni.

Hatua ya 1: Jua unachopaka. Zege na chuma vinapakwa. Shaba nyeusi (bronzi) haipakwi rangi. Sanamu ya Askari pale Posta, iliyosimama tangu 1927, ni ya shaba hiyo; kitu cha namna ile huoshwa na kupakwa nta na wataalamu. Mteja akitaka "ing'ae kama dhahabu", mkatalie.

Hatua ya 2: Osha. Toa maji yote, sugua ukungu wa kijani kwa brashi ngumu na klorini, kisha suuza sana. Maji ya kisima nayakwepa: visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi ikibaki chini ya rangi utaona malengelenge. Rangi ya zamani ipige msasa ikiwa imelowa, maana huenda ina madini ya risasi (ledi) na vumbi lake ni sumu. Chuma kikwangue kutu, ukipake praima, yaani rangi ya kwanza ya msingi, siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Pima unyevu. Hapa ndipo mafundi wengi wanaruka. Bandika kipande cha naironi, futi moja na nusu kila upande, kwenye zege. Ziba kingo zote kwa selotepu, uache hadi kesho yake. Ukikuta matone kwa ndani, zege bado lina maji, subiri. Zege jipya lipe siku 28.

Hatua ya 4: Paka. Panapokaa maji, tumia epoksi, rangi ngumu inayouzwa kwa makopo mawili, ukiyachanganya kwa kipimo cha mtengenezaji. Jua huifanya epoksi itoe unga, kwa hiyo sanamu iliyo juu ya maji imalizie kwa poliurethani, rangi inayostahimili jua. Anzia juu ukishuka. Nyuma ya masikio na kwenye mikunjo ya nguo tumia brashi ndogo, tena kavukavu. Rangi ikituama hapo itachuruzika hadi kidevuni.

Hatua ya 5: Jaza maji. Mimi nasubiri siku 7, au zaidi kopo likisema hivyo. Pampu usiiwashe mpaka maji yafunike tundu la kunyonyea. Ikivuta hewa tupu, itaungua.