Somo: Amok ya samaki (samaki wa tui na viungo, aliyepikwa kwa mvuke), kama inavyopikwa vijijini kando ya ziwa Tonle Sap

Tuanze na majira, kwa sababu ndiyo yanayoamua utakula nini na utalala wapi. Ziwa Tonle Sap la Kambodia halina ukubwa mmoja. Wakati wa kiangazi linabaki na kilomita za mraba kama 2,500, na kina chake ni kama mita moja tu. Mvua zikianza na mto Mekong ukafurika, mto unaotoka ziwani hugeuza mkondo na kurudisha maji, ziwa likatanuka mara nne na zaidi. Ndiyo maana nyumba za vijiji vya Kampong Khleang na Kampong Phluk zimejengwa juu ya nguzo ndefu. Aprili utapanda ngazi mpaka magoti yalalamike. Oktoba mtumbwi unafungwa karibu na sakafu. Nenda kati ya Septemba na Januari. Aprili joto ni kali na boti hukwama kwenye tope.

Adabu za nyumbani ni chache. Vua viatu kabla ya kuingia, kaa mkekani miguu umeikunja upande, nyayo zisimwelekee mtu, na usianze kula kabla ya wakubwa. Maji ya ziwa usinywe. Wenyeji wenyewe hununua maji ya madumu au huchemsha.

Sasa mapishi. Mikahawa mingi ya mji wa Siem Reap humpa mgeni mchuzi mwepesi wa nazi ikauita amok. Amok hasa hupikwa kwa mvuke mpaka igande, kijiko kikizama kiache shimo.

Vipimo vya watu wanne:
– Samaki asiye na miiba, gramu 500. Kule hutumia samaki wa maji baridi wa jamii ya Channa. Kambare au sangara anafaa.
– Tui zito, mililita 300 (nazi mbili, kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu), na vijiko vinne vya tui la kwanza uweke kando.
– Yai 1, kapi (uduvi uliochachushwa kwa chumvi) kijiko kimoja cha chai, mchuzi wa samaki kijiko kimoja cha mezani, sukari ya mvumo kijiko kimoja cha mezani. Sukari guru inakaribia sana.
– Kroeung, yaani viungo vya kutwanga: mchaichai mabua 4, galanga (mzizi wa jamii ya tangawizi) gramu 15, manjano mabichi gramu 15, vitunguu saumu punje 5, vitunguu vidogo vyekundu 3, majani 4 ya ndimu yenye ganda la makunyanzi, pilipili nyekundu kavu 4 zilizolowekwa na kutolewa mbegu.

1. Chukua sentimita 10 za chini za mchaichai tu, ukate vipande vyembamba kama karatasi. Majani ya ndimu toa mshipa wa katikati. Ukipuuza haya mawili, utatafuna nyuzi.

2. Twanga kwa mpangilio: mchaichai na chumvi kidogo, kisha majani ya ndimu, galanga, manjano, pilipili, na mwisho vitunguu. Chenye maji kikitangulia, kigumu kitateleza chini ya mchi bila kusagika. Endelea dakika 15 hadi 20, mpaka ukisugua kwa vidole usisikie chembe.

3. Kausha samaki kwa kitambaa. Theluthi moja yake mtwange awe laini. Waliobaki kata vipande vya nusu sentimita. Changanya aliyetwangwa na kroeung, kapi, sukari, mchuzi wa samaki na yai. Ongeza tui kidogo kidogo huku ukikoroga upande mmoja tu mpaka uzito uvutike. Hapa ndipo amok inapopata mshiko. Hakuna haja ya unga. Kisha tia vipande.

4. Pitisha jani la mgomba juu ya makaa mpaka ling'ae na kulainika. Kata duara mbili za sentimita 22, zipange mistari ikipishana, kunja pembe nne, bana kwa vijiti. Jani lisilopita motoni hupasuka kwenye mkunjo. Chini tandika majani ya mnoni (mti wa matunda ya noni).

5. Jaza robo tatu, pika kwa mvuke wa wastani dakika 20 hadi 25. Mwagia lile tui la kwanza juu, ongeza dakika 3. Kula na wali mweupe.

MASWALI

Yangu imetoa maji na vishimo vishimo. Nimekosea wapi?
Moto ulikuwa mkali. Yai huiva ghafla na kuachia maji. Funika sufuria kwa kitambaa chini ya kifuniko pia, matone ya mvuke yasidondokee ndani.

Mwalimu, blenda haifai?
Inafaa ukikosa kinu, ila usitie maji. Tumia vijiko vitatu vya tui. Blenda hukata nyuzi bila kuziponda, kwa hiyo malizia kwenye kinu dakika tano.

Sisi Waislamu tutakula nini kule?
Samaki si shida, ila nguruwe hupikwa kwenye sufuria zilezile. Uliza mapema, au tafuta familia ya Wachamu: ni Waislamu, na wengi wao ni wavuvi wa ziwa hilohilo na Mekong.

Prahok ndiyo kapi?
Hapana. Prahok ni samaki wadogo waliokatwa vichwa, wakapondwa, wakaanikwa, wakatiwa chumvi na kuachwa wachache wiki kadhaa au zaidi. Hutengenezwa sana Desemba hadi Februari, samaki wanapotoka na maji yanayopungua. Ukiitia kwenye amok hii itafunika harufu ya mchaichai.

Mnoni sina. Niweke kisamvu?
Usiweke. Kisamvu kinahitaji kutwangwa na kuchemshwa muda mrefu ili sumu yake itoke, na dakika 25 za mvuke hazitoshi. Weka spinachi au mchicha mchanga, uukamue maji kwanza.