Kabla hujalipia laptopu ya mtumba pale Mwanga, angalia SSD yake imebakiza maisha kiasi gani

Wakuu, ukipita madukani Mwanga hapa Kigoma utasikia neno moja tu, "hii ina SSD, iko fasta," yaani diski ya kutunzia mafaili isiyo na sehemu zinazozunguka, muuzaji anaiwasha inawaka chapchap na mteja anatoa hela. Sasa kuwaka haraka hakukwambii chochote, SSD iliyochakaa inawaka vilevile kama mpya mpaka siku inagoma, na haigongigongi kama hadidiski za zamani kwamba utasikia mapema. Inabidi usome namba zake, na ni kazi ya dakika chache.

Kinachoichosha ni kuandika. Kusoma mafaili, kuangalia muvi, hivyo havina shida kubwa, ila kila seli, yaani kichumba kidogo cha kutunza data, ikifutwa na kuandikwa upya inadhoofika kidogo. Aina ya TLC (biti tatu kwa kila seli) ambayo ndiyo imejaa sokoni inavumilia kama mara 1,000 mpaka 3,000 kwa seli, QLC (biti nne) iko chini ya hapo. Kiwandani wanakupa kwa lugha rahisi zaidi, TBW, yaani terabaiti ngapi unaweza kuandika ndani ya waranti. Kingston A400 ya GB 240 wameiandikia TB 80, Samsung 870 EVO ya GB 500 ni TB 300. Ukifika hapo haimaanishi inakufa kesho, nyingi zinapitiliza, ila waranti inakuwa imeisha.

Kama ni Windows, shusha CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski, ni ya bure, chukua ile isiyohitaji kuinstoliwa uiweke kwenye flashi uende nayo dukani. Muuzaji asipokubali uchomeke flashi yako, mwambie aishushe mwenyewe, akikataa na hiyo aisee rudisha hela mfukoni. Ukifungua utaona Health Status na asilimia, halafu pembeni kuna Total Host Writes na Power On Hours. Watu wengi wanaishia kwenye asilimia, mimi naanzia kwenye masaa. Ukiambiwa "ilitumika kidogo tu ofisini" halafu unakuta masaa 19,000, piga hesabu, kwa masaa nane kila siku hiyo ni zaidi ya miaka sita. Masaa mengi peke yake sio ugonjwa, ila sasa unajua bei ya kuanzia mazungumzo.

Kuna mtego hapa. CrystalDiskInfo inaonyesha kilichobaki, inaanza 100 inashuka. Ukiwa Linux na SSD ya NVMe (mfumo mpya wa kuunganisha, wa kasi zaidi) ukapiga amri ya sudo smartctl -a /dev/nvme0 utakuta Percentage Used, hiyo ni kilichotumika, inaanza 0 inapanda na inaweza hata kupita 100. Kwa hiyo 7 ya smartctl ni nzima kabisa, na 7 ya CrystalDiskInfo ni ya kukimbia. Kwa SSD za SATA (mfumo wa zamani zaidi wa kuunganisha) kwenye Linux tafuta namba 241, Total LBAs Written, zidisha kwa 512 unapata baiti, mfano 43,000,000,000 inatoka kama TB 22. Ila baadhi ya viwanda vinahesabu kwa gigabaiti moja kwa moja, ukipata jibu la ajabu angalia maelezo ya modeli hiyo kwanza.

Ukishajua imeandikwa ngapi, toa kwenye TBW yake, halafu gawanya kilichobaki kwa matumizi yako ya siku. Mtu wa Word, WhatsApp na mtandao akiandika hata GB 20 kwa siku, ile TB 80 ya Kingston ikiwa mpya inampeleka siku 4,000, karibu miaka 11, laptopu yenyewe itakuwa imeshachoka. Mwenye studio ya video za harusi anayepitisha GB 100 kila siku anapata siku 800 tu. Na wale wa kuchomeka SSD ndogo kwenye mashine ya kamera za ulinzi, kamera nne za megabiti 4 kwa sekunde zinaandika kama GB 170 kwa siku usiku na mchana, hesabu inaisha kwenye mwaka mmoja na miezi mitatu. Huko weka hadidiski ya kawaida.

Kwa huku kwetu lakini, naona watu wanaogopa uchakavu wakati adui ni umeme. SSD za bei rahisi hazina akiba ya kumalizia kuandika umeme ukikatika ghafla, kwa hiyo ramani yake ya ndani ya mafaili inaweza kuvurugika na diski ikapotea kabisa kwenye BIOS (programu inayowasha kompyuta kabla ya Windows), ikiwa na asilimia 95 ya maisha. Kwenye NVMe kuna mstari wa Unsafe Shutdowns, yaani mara ilizozimika ghafla, ukiona umepanda sana kwenye kompyuta ya mezani nunua UPS kabla hujawaza SSD mpya. Laptopu yenye betri nzima haina presha hiyo.

Mengine ni madogo madogo: acha nafasi tupu asilimia 10 mpaka 20, usilazimishe difragi (kupanga upya vipande vya mafaili), na kama una RAM ya GB 4 na unafungua tabu thelathini basi ongeza RAM, maana ikijaa kompyuta inahamishia mzigo kwenye SSD na kuandika bila wewe kujua.

Namba ya kukutisha ni 05, Reallocated Sectors (sehemu mbovu zilizobadilishwa), au Media and Data Integrity Errors (makosa ya data) kwa NVMe. Ikiwa inaongezeka kila ukiangalia, au Health Status imegeuka Caution, usianze kufomati wala kupima spidi, kopi vitu vyako kwanza kwenye diski nyingine siku hiyohiyo. Na SSD iliyochoka usiifanye stoo ya picha ukaifungia kabatini, kiwango cha JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya chipu, kwa SSD ya kawaida iliyomaliza maisha yake ni kutunza data mwaka mmoja bila umeme kwenye nyuzi 30, na joto likizidi hapo muda unapungua.