Kiuno kinauma miezi na miezi? Anza hivi kabla ya kuwaza kisu
Sisi wa Uyole tunaobeba viazi tunajuana, asubuhi na baridi ile unatoka kitandani umejipinda kama jembe, unasema leo nalala tu. Usilale. Maumivu yakipita miezi 3 ndo yanaitwa sugu, na mgongo wa hivyo unataka kutembea, anza na dakika 10 sehemu tambarare (siyo mlima wa shambani na gunia kichwani!), kila baada ya siku chache ongeza kidogo.

Zoezi langu mimi: lala chali kwenye mkeka, kunja magoti, nyanyua makalio taratibu, hesabu mpaka 5, shusha. Mara 8. Kuvuta vuta ni kawaida, ila ukisikia kama umeme unashuka mguuni acha kwanza.

Masaji poa, wengine inawasaidia. Ile mikanda ya kiuno inayouzwa sokoni sasa, WHO kwenye mwongozo wao wa 2023 hawaishauri, wala kuvutwa mgongo. Diklofenaki (vile vidonge vya maumivu) usitafune kama karanga, hasa mwenye vidonda vya tumbo au presha, muulize daktari.

Mkojo ukigoma au ganzi ikishika kati ya mapaja, kule sehemu za siri, hospitali leo leo.